Mke, mume na kisiwa: kwanza tazama mwezi

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma hapa gazetini, mazungumzo yetu ya wiki hii yameanzia jikoni kwangu, hapa Manundu.

Jioni moja mke wangu aliamua kuhesabu safari. Hakuwa na hasira. Alikuwa anachambua mchele, na kila punje mbaya aliyoitupa aliifuatisha na safari moja tuliyowahi kwenda pamoja tangu tuoane. Misiba tisa. Harusi nne. Hospitali mara mbili. Mahafali ya mtoto mara moja. Alipofika hapo akaniuliza, "Baba watoto, na ile ya kwenda tu?" Nikamwuliza, kwenda tu wapi? Akasema, "Ndiyo hiyo ninayokuuliza."

Mimi ni mtu wa redio, naishi kwa maneno. Siku hiyo sikuwa nalo hata moja.

Nadhani siko peke yangu. Wengi wetu tunaamini kwamba mapumziko ya mke na mume ni jambo la maharusi, tena maharusi wenye fedha, wanaokwenda Zanzibar kula fungate. Waliokwisha zaa na kusomesha hawana safari yao. Na anayetaja kisiwa huonekana anataja ndege, hoteli na dola. Napenda leo kueleza kwamba mambo hayako hivyo. Kutoka hapa Korogwe hadi Tanga mjini hakufiki kilomita mia moja, na mbele ya mji huo viko visiwa. Ule mto Pangani unaopita hapa kwetu Korogwe, unaoteremka Hale na kuendesha mitambo ya umeme, unaingia baharini Pangani mjini, na mbele ya mdomo wake kuna kisiwa pia. Hata maji tunayofulia yanafika huko, ila sisi wenyewe hatujafika.

Lakini kabla sijawataja majina ya visiwa, niwaambie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Baada ya lile swali la jikoni nilimwambia mama watoto ajiandae. Tulichagua Jumamosi moja ya Februari, na kisiwa chenyewe kilikuwa Maziwe, hicho kilicho mbele ya Pangani. Sikuuliza kitu. Niliangalia mfuko na siku ya mapumziko, basi. Tukatoka Korogwe alfajiri, tukabadili gari Tanga, tukangoja abiria wajae, tukafika Pangani karibu saa sita mchana. Nahodha tuliyempata alitazama juu, akatazama maji, akasema, "Mzee, maji yanajaa. Njooni kesho asubuhi." Nikamjibu kwamba tumetoka mbali na nauli tumelipa. Akanyamaza, akawasha injini.

Tulipofika tulikuta fungu la mchanga mweupe lenye ukubwa wa kiwanja cha mpira. Mke wangu akatandika kanga, akafungua kikapu. Kabla hatujamaliza kula, fungu lilikuwa kama nusu kiwanja. Baadaye likawa kama ua wa nyumba. Akaanza kukunja kanga upande mmoja huku mimi bado nimeshika paja la kuku. Saa nane tulikuwa tumesimama mguu kwa mguu, kikapu kichwani, tukimwita nahodha asogeze boti. Njiani kurudi hakusema neno. Tulipokaribia Pangani akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko hicho kiliniokoa, lakini safari ilikuwa imeharibika.

Mwenye kosa nilikuwa mimi. Bahari ina saa yake, na saa hiyo hutundikwa angani. Tuieleze kidogo.

Mwezi huyavuta maji ya bahari. Jua nalo huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia huwa karibu katika mstari mmoja, na nguvu hizo mbili hushirikiana. Hapo maji hujaa sana na hupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo huitwa maji mafu. Katika pwani ya Tanga, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita tatu. Hicho ni kimo cha nyumba. Ndiyo maana fungu la mchanga laweza kuwepo asubuhi na lisiwepo alasiri.

Sasa zingatia hili, maana ndilo lenye faida. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa takriban saa nne asubuhi, na hujaa kabisa takriban saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka. Saa nne asubuhi maji ndiyo yamejaa, na saa kumi ndiyo yamepwa. Mwenye kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo anaweza kuhesabu akiwa kitandani mwake Manundu. Asiye nayo atoke nje usiku atazame juu. Halafu ampigie simu mtu wa pwani kuthibitisha, kwa kuwa hesabu hii ni ya kukadiria, na wao wanayaona maji yenyewe.

Tukishajua hilo, tuje kwenye visiwa.

Kilicho karibu kuliko vyote ni Toten, ndani ya ghuba ya Tanga, mkabala na mji. Ukisimama ufukweni mjini unakiona. Jina ni la Wajerumani, nalo lina maana ya wafu, kwa sababu ya makaburi yaliyoko huko. Lakini kabla ya Wajerumani walikuwapo watu wa pwani, na magofu ya misikiti yao na makaburi yao yamo humo, yakishikwa na mizizi. Kisiwa kina mikoko na tope, kwa hiyo hapa kanuni ni kinyume cha Maziwe. Uende maji yakiwa mengi ili boti ifike karibu, la sivyo mama watoto atatembea kwenye tope mpaka magotini. Asubuhi ya maji mafu inafaa sana. Ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na jioni mko Korogwe. Tahadhari moja tu, mahali pa makaburi si mahali pa kupigia muziki wala kukalia mawe ya watu.

Toten na Yambe, kisiwa kikubwa zaidi kilicho nje kidogo, vimo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani zamani sana, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kigombe, kijiji kilicho kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani, wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za maji marefu. Hamtamwona, maana anaishi chini sana. Lakini gari likipita Kigombe, mwenzako akikuuliza hapa wapi, utakuwa na la kumwambia.

Maziwe ni safari ya kulala usiku mmoja. Mfike Pangani jioni mkiwa katika siku za bamvua, mlale, mwondoke na boti saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Mtakuwa na saa tatu au nne za mchanga mkavu, na maji maangavu yenye matumbawe na samaki wa rangi zote. Boti huondoka Pangani mjini, na nyingine Ushongo, ng'ambo ya kusini ya mto. Maziwe ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Mlipe, na mdai stakabadhi. Kivuli hakuna, kwa hiyo mwavuli ni lazima.

Kwa nini hakuna kivuli? Hapa nataka tutulie kidogo. Maziwe hakikuwa fungu la mchanga. Kilikuwa kisiwa kamili, chenye mivinje mirefu, na kasa walikuja kutaga humo kwa wingi kuliko karibu kila mahali katika nchi yetu. Miti ikakatwa. Mizizi iliyoshika mchanga ikafa. Bahari, ambayo nayo ilikuwa na mabadiliko yake, ikala ukingo kidogo kidogo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hapakuwa na kisiwa tena, ila mchanga unaohamahama na unaoweza kufunikwa wote maji yakijaa sana. Kasa hawakuambiwa. Waliendelea kuja kutaga pale pale, na mayai yakafunikwa na maji. Ndipo wananchi wa Ushongo walipoanza kuyachukua mayai na kuyafukia upya katika ufukwe wa kijiji chao, ambako huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Mkiulizia, na bahati ikiwa yenu, mnaweza kuwaona watoto wa kasa wakiteremka majini.

Sasa majira. Wazungu wana majira yao ya joto kuanzia Juni mpaka Agosti, na ndipo wanapotujia. Sisi miezi hiyo ni ya kusi, bahari huchafuka. Shule zikifungwa Juni wengi hukimbilia pwani na kurudi na kutapika. Machi ikiisha masika huingia. Kwa mashua ndogo ya watu wawili, wakati mzuri ni kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi. Na hata hapo, nahodha akikwambia upepo si mzuri, usimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Kuhusu gharama, jambo moja huwashinda wengi. Boti hukodiwa nzima, haihesabiwi kwa kichwa. Wawili mkienda peke yenu mnalipa sawa na wanane. Basi tafuteni mke na mume wengine wawili au watatu, walimu wenzenu, majirani, watu wa chama chenu cha kuweka na kukopa. Mtagawana boti, na kisiwani kila wawili wataenda upande wao. Chakula mbebe kutoka nyumbani, na maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani. Kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kutandika. Pangani ni mji wa watu wenye heshima zao, na vazi la baharini huishia baharini.

Na kabla ya kupanda, ulizeni mambo matatu bila haya: jaketi za kujiokolea ziko ngapi, mafuta ya kurudia yapo, na tunaondoka kisiwani saa ngapi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Boti ndogo nayo ina kiasi chake. Ikijaa, shukeni. Nauli inaweza kutafutwa tena.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Kizungu, na kwamba mtu mwenye watoto wanaodaiwa ada hana ruhusa ya kwenda kukaa mchangani. Nawaheshimu. Lakini wengi wa hao hao huchangia harusi za watu wasiowajua vizuri, wakavaa sare, wakala pilau ya usiku mmoja. Ndoa ya mwenzio unaichangia, ya kwako je?

Desemba iliyofuata tulirudi Maziwe, mimi na mama watoto, pamoja na mke na mume wengine watatu. Safari hii niliutazama mwezi kwanza. Tulifika mchanga ukiwa mpana, maji yako mbali. Hatukuzungumza mambo makubwa. Alinieleza kisa kimoja cha utotoni mwake kwenye mashamba ya mkonge, kisa ambacho sijawahi kukisikia katika miaka yote tuliyoishi pamoja. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kunisimulia. Akasema, "Ulikuwa unasikiliza redio."

Pale pale tulipokaa ndipo zamani ilisimama mivinje. Hakuna aliyekiua kisiwa kile kwa siku moja. Kila aliyekata mti aliona umebaki mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nikiwa nimekaa juu ya mchanga ule niliona kwamba kuna ufa ambao hata ukuta hauwezi kuurudisha.

Kwa hiyo leo usiku, ukishazima redio, toka nje na mwenzako mtazame mwezi umefika wapi. Hesabuni siku. Nauli ya Tanga mnaijua.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.