Umbea wa NBA na kazi yake sokoni

Kila Juni 30, saa 12 jioni kwa saa za New York, Ligi ya Kikapu ya Marekani, NBA, huruhusu klabu kuanza mazungumzo na wachezaji wa timu nyingine waliomaliza mikataba. Kabla dakika kumi hazijapita, mikataba ya mamilioni kwa mamilioni ya dola huwa imeshatangazwa mitandaoni. Ukizifuata kanuni neno kwa neno, huna budi kuamini kwamba wakala na kiongozi wa klabu wamepigiana simu, wamejuliana hali, wamepatana bei na vifungu vyote, kisha wamemtafuta mwandishi wa habari, yote ndani ya muda huo. NBA yenyewe haiamini hivyo. Mwaka 2022 ilibaini kuwa New York Knicks walianza kuzungumza mapema na Jalen Brunson, jambo ambalo lingemshangaza tu mtu asiyejua kwamba wiki chache kabla klabu hiyo ilimwajiri baba yake Brunson kuwa kocha msaidizi, na kwamba rais wa klabu aliwahi kuwa wakala wa baba huyo. Adhabu ilikuwa kunyang'anywa nafasi moja ya raundi ya pili katika drafti, yaani utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kwa mchezaji aliyesaini miaka minne kwa dola milioni 104 na kuja kuwa nguzo ya timu, hiyo ni adhabu ambayo klabu yoyote ingeipokea kwa tabasamu.

Ni rahisi kucheka na kupita. Lakini anayeitazama NBA kama sekta ya biashara atajiuliza kwa nini ligi inayoweka kanuni kali kiasi hiki dhidi ya minong'ono inaadhibu kwa mkono mwepesi kiasi hiki. Jibu ni kwamba tetesi, pamoja na mizaha inayoandamana nazo, zinafanya kazi ambayo hakuna chombo kingine cha ligi kinachoifanya: zinasaidia kupanga bei katika soko ambalo kanuni zimelinyima bei.

Tuanze na mishahara. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji hulipa ada ya uhamisho, na ada hiyo huonyesha ana thamani gani. NBA hainunui wachezaji kwa namna hiyo. Klabu hubadilishana wachezaji na nafasi za drafti, na iliyovuka kikomo cha mishahara, ambacho kwa msimu wa 2025/26 ni takriban dola milioni 154.6, hulazimika kuhakikisha mishahara inayoingia haipishani sana na inayotoka. Nyota naye amewekewa dari: asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo hicho, kulingana na miaka aliyocheza. Maana yake, klabu kumi zinazomgombea nyota mmoja haziwezi kushindana kwa kupandisha dau bila mwisho. Zinashindana kwa mji, kocha, wachezaji wenza na ahadi, vitu visivyoandikwa kwenye mkataba, na habari za vitu hivyo husafiri kwa mdomo. Isitoshe, mishahara ya NBA inajulikana na kila mtu. Shabiki wa Simba au Yanga anaweza kubishana usiku kucha kama mchezaji fulani anakuja, lakini ni nadra ajue analipwa ngapi. Shabiki wa Lakers anajua hadi dola, hivyo kila tetesi anaipigia hesabu na kuona kama inawezekana.

Palipo na bidhaa, wachuuzi hawakosekani. Kwa miaka mingi mkubwa wao alikuwa mwandishi Adrian Wojnarowski wa kituo cha michezo cha ESPN, ambaye alipostaafu Septemba 2024 iliripotiwa kuwa alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka. Alikwenda kuwa meneja mkuu wa timu ya kikapu ya chuo alichosoma, St. Bonaventure, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola 75,000, na nafasi yake ikachukuliwa na mshindani wake, Shams Charania. Habari nyingi walizozitoa wawili hao zingetangazwa na klabu yenyewe baada ya saa moja au siku moja, kwa hiyo ESPN inacholipia hasa ni zile dakika za kutangulia. Nao wanaowapa habari hawafanyi hisani, maana mkono mtupu haulambwi. Wakala huvujisha kwamba klabu tatu zinamtaka mteja wake ili ya nne iharakishe. Meneja huvujisha kwamba amechoka na mchezaji ili apime nani atapiga simu. Kila tetesi ina mwenyewe, na msomaji makini huanza kwa kuuliza nani anafaidika nayo ikisambaa.

Vichekesho huzaliwa pale mashine hii inapokwama. Julai 2015 DeAndre Jordan aliahidi kuhamia Dallas Mavericks, kisha moyo ukageuka kabla ya siku ya kusaini. Clippers, klabu yake ya zamani, wakakimbilia nyumbani kwake Houston kumzuia asiponyoke. Wachezaji walitangaza safari hizo mitandaoni kwa vikatuni vya ndege na magari. Paul Pierce akabandika picha ya roketi, na Blake Griffin akaweka picha ya kiti kilichoegemezwa mlangoni, kuashiria kwamba hakuna anayetoka. Mwaka 2018 rais wa Philadelphia 76ers, Bryan Colangelo, alijiuzulu baada ya tovuti ya The Ringer kufichua akaunti za siri zilizokuwa zikiwaponda wachezaji wake, zikitoa siri za klabu na, kwa juhudi za pekee, zikiitetea kola ya shati lake. Uchunguzi ulibaini kuwa aliyeziendesha ni mkewe. Kola ilichekesha, lakini siri zilizovuja zilihusu hata afya ya wachezaji, yaani taarifa ambayo klabu pinzani ingeilipia.

Mtu wa hesabu atapinga akisema kinachouzwa ni mchezo, na porojo ni mapambo tu. Atataja mkataba wa televisheni wa miaka 11 uliosainiwa mwaka 2024 na Disney, NBCUniversal na Amazon, wenye thamani ya takriban dola bilioni 76, na kuuliza ni nani aliyewahi kulipa bilioni kwa ajili ya umbea. Ni kweli kwamba bei hiyo imepandishwa hasa na uhaba wa vipindi vinavyotazamwa moja kwa moja na kuingia kwa kampuni za teknolojia. Lakini fainali za 1998, za mwisho za Michael Jordan akiwa na Chicago, zilitazamwa kwa wastani wa watu takriban milioni 29 nchini Marekani, na zile za 2025 takriban milioni 10. Watazamaji wa fainali wamepungua, gumzo halijapungua, na Julai, mwezi usio na mechi ya maana, ni mmoja wa miezi yenye kelele kuliko yote. Bidhaa inayouzika hata msimu ukiwa umefungwa haiwezi kuitwa mapambo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Dallas. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, Mavericks walimpeleka Luka Doncic Lakers na kumchukua Anthony Davis, Max Christie na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya 2029. Hakukuwa na fununu hata moja. Charania alipotangaza, wengi walidhani akaunti yake imedukuliwa, ikabidi athibitishe tena. Kama biashara kubwa hivyo ilifanyika kimya, umbea una kazi gani? Tazama bei iliyopatikana. Meneja mkuu Nico Harrison alizungumza na mnunuzi mmoja. Klabu nyingine, ambazo huenda zingetoa rundo la nafasi za drafti, hazikujua kwamba kijana wa miaka 25 aliyeifikisha Dallas fainali miezi minane kabla yuko sokoni. Mashabiki walibeba jeneza hadi nje ya uwanja, na Novemba mwaka huohuo Harrison akafukuzwa. Alilinda siri kwa ustadi, akajikosesha mnada.

Hata hivyo, soko la maneno hukosea, na gharama humwangukia asiyestahili. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Waliokosea hesabu ni Memphis, lakini utani umemganda Thabeet, ambaye hakujichagua.

Hatari kubwa zaidi ni kamari ya michezo, iliyoenea tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyaruhusu majimbo kuihalalisha mwaka 2018. Juni 2023 Charania, wakati huo akiwa na mkataba na kampuni ya kamari ya FanDuel, aliandika kwamba Scoot Henderson anazidi kupata nafasi ya kuchaguliwa wa pili katika drafti. Viwango vya dau vikabadilika papo hapo, kisha Charlotte wakamchagua Brandon Miller. FanDuel ilisema haikuwa na habari zake mapema. Aprili 2024 Jontay Porter wa Toronto alifungiwa maisha, baada ya uchunguzi kubaini, pamoja na makosa mengine, kwamba alimpa mcheza kamari siri za afya yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa kuna watu wenye sababu ya kifedha ya kulifanya lije.

Kwa hiyo NBA inalinda mlango usio na mwizi. Mwaka 2018 ilimtoza Magic Johnson, aliyekuwa bosi wa Lakers, dola 50,000 kwa kumsifia hadharani Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee. Sifa hizo hazikumwibia mtu. Busara ni kuwaacha mawakala wanong'one na mashabiki wacheke, maana humo ndimo bei inamopatikana, kisha ukali wote uelekezwe kwenye mambo mawili: taarifa za majeraha ziwafikie watu wote kwa wakati mmoja, na anayetangaza tetesi asipokee mshahara kutoka kwa kampuni inayozichezesha kamari.