Mdomo wa ganda: kuukunja au kuubana?

Walenga shabaha wengi wa Marekani huokota maganda yao ya shaba na kuyajaza upya nyumbani: fataki mpya, baruti iliyopimwa, kichwa kipya. Hatua ya mwisho ni kubana mdomo wa ganda kwa kalibu, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Wengi hudhani mbano huo ndio unaoshika kichwa. Sivyo. Kinachokishika hasa ni ganda lenyewe, ambalo kalibu ya kwanza imelifanya jembamba kidogo kuliko kichwa.

Risasi ya rivolva, kama .357 Magnum ya mwaka 1935, ina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani ya chemba. Mdomo wake basi unaweza kukunjwa uingie kwenye mfereji wa kichwa. Tena lazima ukunjwe, maana rivolva inaporuka nyuma, vichwa vya risasi zilizobaki hutaka kuchomoka; kimoja kikitokeza mbele, silinda hukwama.

Risasi ya 9mm ya Georg Luger ni habari nyingine. Katika chemba huegemea mdomo wa ganda lake, kwa hiyo ukiukunja umeondoa egemeo. Itakiwayo ni kalibu ya mteremko, inayorudisha tu upana ulioongezwa ili kichwa kiingie. Pima mdomoni: inchi 0.380, yaani milimita 9.65, au pungufu kidogo, basi.

Mimi napendelea kuingiza kichwa kwanza, kisha kubana kwa kalibu nyingine. Kalibu moja ikifanya yote mawili, mdomo huanza kubana huku kichwa bado kinashuka, ukakikwangua. Shusha kalibu ya kubania hadi iguse ganda, kisha iongeze kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko, ukipima kila mara. Halafu dondosha risasi kwenye mtutu uliotolewa kwenye bastola: iingie kwa uzito wake, na itoke hivyo hivyo.

Usizidishe. Shaba ikibanwa hurudi nyuma kidogo. Madini laini ya risasi yaliyomo kwenye kichwa hayarudi. Ukikamua sana, kichwa hupungua unene na kulegea. Jaribu kukisukuma juu ya meza kwa gumba, upime urefu kabla na baada. Kikizama, shinikizo la baruti litapanda kwa hatari, na dawa yake iko kwenye kalibu ya kwanza, siyo ya mwisho.