Tija, Faida na Mpangilio wa Kazi: Thamani ya Teknolojia ya Habari Katika Mashirika

Mwaka 1987 mwanauchumi wa Marekani Robert Solow, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, alieleza jambo lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi baadaye: kompyuta zilikuwa zimeenea kila mahali, lakini athari zake hazikuonekana katika takwimu za tija, yaani kiasi cha bidhaa au huduma kinachopatikana kwa kila saa ya kazi na kila kipimo cha mtaji. Kampuni za nchi hiyo zilikuwa zikitumia fedha nyingi kununua mitambo na programu, ilhali ukuaji wa tija ulikuwa umedorora tangu miaka ya 1970. Hali hiyo ilikuja kuitwa kitendawili cha tija, nayo ikachochea kukua kwa uwanja mzima wa utafiti unaochunguza ni kwa njia gani, na kwa kiasi gani, teknolojia ya habari huliletea shirika thamani.

Jibu la kwanza lenye uzito lilipatikana watafiti walipoacha kutazama takwimu za taifa zima na kuanza kuchunguza kampuni mojamoja. Mwaka 1996 Erik Brynjolfsson na Lorin Hitt walichapisha uchambuzi wa kampuni kubwa 367 za Marekani kwa kipindi cha 1987 hadi 1991, wakaonyesha kwamba, kwa kila dola iliyowekezwa, mtaji wa kompyuta ulichangia pato kwa kiwango kikubwa kuliko aina nyingine za mtaji. Katika makala nyingine ya mwaka huohuo walitenganisha maswali matatu ambayo hadi leo huchanganywa katika vikao vya bodi: je, teknolojia imeongeza tija, imeongeza faida ya kampuni, na imemnufaisha mteja? Walikuta tija imepanda na wateja wamenufaika, lakini hawakupata ushahidi wa wazi kwamba faida ya kampuni imeongezeka. Hapo hapana ukinzani. Mfumo ambao kila mshindani anaweza kuununua hupunguza gharama za wote, na ushindani huzigeuza gharama zilizopungua kuwa bei nafuu au huduma bora, hivyo thamani iliyozalishwa humfikia mnunuzi badala ya kubaki kwa mwenye kampuni.

Hata hivyo, kampuni zilizotumia fedha zilezile kwa mitambo ileile hazikupata matokeo yaleyale, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala hili. Utafiti wa Timothy Bresnahan, Brynjolfsson na Hitt, uliochapishwa mwaka 2002, uliihusisha na mambo mawili yanayoambatana na kompyuta: namna kazi inavyopangwa, hasa wafanyakazi kupewa mamlaka ya kuamua, na kiwango cha ujuzi wao. Wataalamu huyaita viambatani, yaani vitu ambavyo kila kimoja hukiongezea kingine thamani. Shirika linaloweka mfumo mpya wa maombi ya manunuzi, kisha likaendelea kudai saini tano juu ya karatasi, limeongeza gharama na kuacha ucheleweshaji palepale ulipokuwa.

Viambatani hivyo vina shida moja ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kwamba havionekani katika mizania. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 38 kinataka gharama za mafunzo na za kupanga upya shirika zihesabiwe kuwa matumizi ya mwaka husika, wakati kompyuta zenyewe huandikwa kama mali. Kanuni hiyo ina sababu ya msingi, kwa kuwa ujuzi hukaa kwa mfanyakazi, ambaye anaweza kuondoka wakati wowote. Lakini matokeo yake ni kwamba bajeti inapobana, mafunzo hukatwa kwanza, na mashine hubaki bila kile kinachozipa thamani.

Ugumu mwingine ni wa kimbinu. Kampuni zenye uongozi bora huenda ndizo zinazonunua kompyuta nyingi, na katika hali hiyo mafanikio yake hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi ya kompyuta. Dawa ya tatizo hili ni jaribio la nasibu, ambamo bahati nasibu huamua nani apate teknolojia na nani asubiri, na mojawapo ya majaribio yenye mafunzo makubwa lilifanyika Nairobi. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024, walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo katika matatu 255, yaani mabasi madogo ya abiria, lakini taarifa zake wakazifungua, kupitia programu ya simu, kwa wamiliki waliochaguliwa kwa nasibu tu. Magari yote yalikuwa na kifaa. Kilichotofautiana ni nani aliyeweza kuona na kutumia kilichorekodiwa.

Kwa kawaida dereva wa matatu hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, na kinachozidi ni chake. Mwenye gari haoni saa zilizofanyiwa kazi wala njia zilizopitwa, na gari likiharibika kwa kukatizwa kwenye njia mbovu ili kuwahi abiria, matengenezo ni juu yake. Wamiliki waliopata taarifa hawakuishia kuwachunga madereva: walibadilisha masharti ya makubaliano, wakishusha kiasi cha siku kwa sababu sasa walijua juhudi iliyofanyika. Madereva nao walifanya kazi kwa saa nyingi zaidi na kupunguza uendeshaji unaoharibu gari. Gharama zilishuka, faida ya wamiliki ikapanda, na baadhi yao wakapanua biashara.

Katika jaribio hilo, basi, thamani ilitokana na makubaliano mapya kati ya watu wawili, ambayo taarifa iliyawezesha bila kuyaandika. Kwa shirika lenye idara nyingi, makubaliano ya namna hiyo ni mengi zaidi na magumu zaidi kuyafungua, kwa kuwa kila moja lina mtu anayenufaika na mpangilio wa zamani. Ndiyo maana tathmini ya mradi wa teknolojia inayoishia kwenye bei ya vifaa na leseni za programu huacha nje sehemu kubwa ya gharama halisi, na pamoja nayo sababu ambayo mara nyingi huamua kama mradi utafaulu.