Istilahi za Hadithi za Picha: Toleo Fungamani na Kisa cha Makutano

Miongoni mwa maswali tuletewayo na wafasiri, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mfasiri mmoja alikuwa akitafsiri toleo moja la hadithi za picha za Kimarekani kwa matumizi ya maktaba ya shule. Mapema kabisa alimkuta mhusika mkuu amevaa vazi jipya, ambalo asili yake haikusimuliwa katika toleo hilo. Akadhani kurasa zimepotea. Kisha, kwa nia njema, akatunga sentensi mbili za kueleza vazi lilikotoka. Akatuuliza kama amefanya sawa.

Jibu letu ni kwamba hakufanya sawa, ila kosa hilo hatuwezi kumtwika peke yake. Lugha yetu haikuwa imempa jina la kitu alichokuwa amekishika mkononi, na asiye na jina la kitu hukidhania kuwa kingine. Katika makala haya tunakusudia kukieleza kitu hicho, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu, na maofisa wa maktaba.

Toleo lenyewe

Toleo linalohusika ni The Amazing Spider-Man namba 252, lililotolewa na kampuni ya Marvel Comics ya New York na kuandikwa jaladani Mei 1984. Spider-Man ni shujaa aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, naye ana mfululizo wake mwenyewe. Katika namba 251, ya Aprili, aliingia ndani ya jengo la ajabu lililozuka katika bustani ya Central Park, akatoweka. Katika namba 252 amekwisha kurudi, naye amevaa vazi jeusi badala ya lile jekundu na buluu lililozoeleka.

Yaliyotukia kati ya kuondoka na kurudi yalisimuliwa mahali pengine kabisa, yaani katika mfululizo uitwao Marvel Super Heroes Secret Wars. Huo ulikuwa na matoleo 12, kuanzia Mei 1984 hadi Aprili 1985. Mwandishi wake alikuwa Jim Shooter, na wachoraji wake Mike Zeck na Bob Layton. Humo kiumbe mwenye uwezo mkubwa, aitwaye Beyonder, anawachukua mashujaa na mahasimu wao kutoka mifululizo mbalimbali, anawapeleka kwenye sayari ya mbali, na kuwapiganisha. Biashara nayo ilikuwamo: kisa hicho kilibuniwa kiende sambamba na vitu vya kuchezea vya kampuni ya Mattel, na msomaji wa mfululizo mmoja alivutwa anunue na mwingine.

Matokeo yake ni mpangilio wa ajabu. Kwa tarehe za jaladani, vazi jeusi lilionekana katika mfululizo wa Spider-Man mwezi Mei 1984. Kwamba vazi hilo lina uhai, msomaji alifahamishwa katika namba 258, ya Novemba. Jinsi Spider-Man alivyolipata kulisimuliwa katika Secret Wars namba 8, ya Desemba. Basi msomaji alilijua tokeo kwanza, siri baadaye, na chanzo mwisho. Pengo alilolikuta mfasiri wetu halikuwa upungufu. Liliwekwa kwa makusudi ili msomaji angoje miezi saba. Sentensi zile mbili zingelivunja jambo ambalo waandishi walilijenga.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwanza hapana budi kutenganisha maneno manne ambayo aghalabu huchanganywa. Toleo ni kila kijitabu kinachotoka kwa zamu yake na kwa namba yake. Chapa ni kila mara maandishi yale yale yapigwapo chapa. Juzuu ni kitabu kimojawapo cha kazi iliyogawanywa katika vitabu kadhaa. Nakala ni kijitabu kimoja kati ya maelfu yaliyo sawa. Anayeomba “nakala ya pili” ya namba 252 hakuomba namba 253.

Pili, toleo ambalo ni la mfululizo wake lenyewe, lakini halieleweki barabara pasipo kisa kikubwa kilicho nje yake, tunapendekeza liitwe toleo fungamani. Yalikuwapo mapendekezo mengine. “Toleo la nyongeza” halifai, kwa kuwa nyongeza yaweza kuachwa, hali namba 252 haiachiki katika mfululizo wa Spider-Man. “Toleo maalumu” limekwisha kutwaliwa na magazeti kwa siku za sherehe. Kitenzi fungamana, kwa upande wake, wasomaji wamekizoea katika maneno “nchi zisizofungamana na upande wowote”. Na umbo fungamani limefuata njia ile ile ya ambatani, itokanayo na ambatana, ambayo walimu wa sarufi waijua vyema.

Tatu, kile kisa kikubwa kinachowakutanisha wahusika wa mifululizo mingi tunapendekeza kiitwe kisa cha makutano. Istilahi ya Kiingereza imetokana na kitenzi cha kuvuka, na baadhi ya wafasiri wameshawishika kusema “kivuko” au “mvuko”. Kivuko kwetu ni mahali pa pantoni. “Hadithi mseto” nayo yapotosha, kwani vitu vilivyosetwa pamoja havitenganiki tena. Makutano ni mahali ambapo njia hukutana, wasafiri wakasalimiana au wakagombana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Ndivyo wafanyavyo mashujaa hawa.

Nne, ile kanuni isemayo kwamba lililotukia katika mfululizo mmoja ni kweli katika mifululizo mingine yote ya mchapishaji huyo, tunapendekeza iitwe upatanifu wa visa. Neno “mwendelezo” halitoshi, kwa sababu laeleza habari moja kusonga mbele tu, kama hadithi za magazetini zinazokoma kwa neno “itaendelea”. Hapa jambo ni kupatana, kama viambishi vya sentensi vinavyopatana na nomino inayovitawala.

Mtego wa ngeli

Mfano wa viambishi hatukuuleta bure. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kinachoweza kutumika kwa kitu kisicho na uhai na pia kwa kiumbe kisichojulikana jinsia yake. Kwa hiyo waandishi wa namba 252 waliweza kulitaja vazi jeusi pasipo kusema kama li hai au la. Kiswahili hakina maficho hayo. Tukisema “vazi linamtii”, tumesema ni kitu. Tukisema “anamtii”, tumekwisha kutoboa siri.

Ushauri wetu ni kwamba hadi namba 258 mfasiri atumie upatanisho wa vazi, yaani li-, hata pale ambapo vazi lajigeuza kwa kufuata mawazo ya mwenyewe. Baada ya siri kufichuliwa, atumie neno kiumbe pamoja na upatanisho wa viumbe hai. Badiliko hilo la kiambishi litamfanyia msomaji wa Kiswahili kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya. Lakini ataweza kulipanga vema yule tu aliyejua tangu mwanzo kwamba anatafsiri toleo fungamani. Ajuaye hivyo atajiepusha pia na maneno kama “kama tulivyokwisha kuona”, maadamu msomaji hajaona bado. Wala hatayaacha maelezo mafupi ya mhariri yanayomwelekeza msomaji kwenye toleo jingine. Maelezo hayo yatafsiriwe, na namba zake zibaki kama zilivyo.

Kwa maofisa wa maktaba twashauri kwamba kadi ya kila toleo fungamani itaje kisa cha makutano linachofungamana nacho. Mwanafunzi atakayeikuta namba 252 rafuni atajua kwamba kitabu hakikuchanika, na atajua pa kutafuta sehemu iliyobaki.

Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo zaweza kurekebishwa. Wasomaji walio na maneno bora zaidi, hasa yale yatumiwayo na vijana wasomao hadithi hizi, wanaombwa watuandikie, wakitaja sentensi walimoyasikia. Mfasiri wetu, kwa upande wake, amekwisha kuzifuta sentensi zake mbili.