Sheria Katika Zahanati ya Shamba la Chai

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet nchini Kenya, zahanati kwa kawaida ni ya kampuni yenye shamba. Mshahara wa muuguzi, nyumba anamolala mchumaji na mizani inayopima majani yake, vyote viko mikononi mwa mwajiri mmoja. Mgonjwa anapoingia, maslahi yake na ya mwajiri hayaendi pamoja kila mara, na muuguzi husimama katikati. Kinachomwongoza hapo ni sheria za nchi, kisha sera za mahali pa kazi.

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeifikisha haki hiyo kwenye chumba cha matibabu: mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, ambayo shambani inaweza kuwa Kikipsigis, Kigusii au Kiluo, aridhie kabla ya kutibiwa, siri yake itunzwe. Nyapara anaweza kujulishwa kwamba mchumaji amepewa siku tatu za kupumzika. Ugonjwa wenyewe haumhusu. Hata kupima virusi vya UKIMWI kama sharti la kuajiriwa kulipigwa marufuku na sheria ya 2006.

Siku hizo za kupumzika nazo zina hesabu yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kinaweza kujadiliana na waajiri wakubaliane zaidi ya hapo. Kibarua wa msimu asiyefikisha miezi miwili hukosa hata kiwango hicho cha chini, na hilo ni pengo kubwa katika kazi inayopanda na kushuka kwa mvua.

Majeraha ya kazini yanasimamiwa na sheria ya fidia ya 2007, inayojulikana zaidi kwa jina la WIBA. Mwajiri akishapata habari ya ajali, ana siku 7 za kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na ajali isiporipotiwa kwa mwajiri mwenyewe ndani ya miezi 12 haki ya fidia inaweza kupotea. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2019 kwamba madai ya namna hii yaanzie kwa mkurugenzi huyo. Hapo ndipo daftari la zahanati huwa ushahidi. Muuguzi akiandika tu “maumivu ya mgongo”, mchumaji hana cha kushika. Akiandika kwamba aliteleza kwenye mtaro saa tatu asubuhi akipeleka majani kwenye mizani, tayari pana tarehe, mahali na kazi aliyokuwa akifanya. Mgongo uliochakaa polepole kwa kuinama na kubeba ni mgumu zaidi kuthibitisha, kwa kuwa hauna siku ya ajali. Wafanyakazi wa kampuni ya chai ya James Finlay walipeleka madai ya aina hiyo hadi mahakama ya Edinburgh, Scotland, na moja ya hoja zilizobishaniwa huko ilikuwa kama walipaswa kwanza kupitia WIBA.

Ukatili wa kingono ndio mtihani mkali kuliko yote. Februari 2023 BBC ilitangaza ushuhuda wa wanawake wa mashamba ya Kericho waliosema wakubwa wao kazini walidai ngono ili wawape au wawaachie kazi. Sheria ya Ajira tayari ilimtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji huo. Karatasi, basi, haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumwendea asiyekuwa chini ya yule anayelalamikiwa. Kwa mhudumu wa afya utaratibu ni mmoja: matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Fomu maalumu ya huduma baada ya kubakwa hujazwa palepale. Fomu ya P3 ya polisi inaweza kufuata.

Sheria ya usalama kazini ya 2007 nayo inadai, penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama yenye wawakilishi wao. Muuguzi anayeona majeraha ya aina moja kila wiki ana la kuiambia kamati hiyo bila kumtaja mgonjwa yeyote.

Siri ya mgonjwa ikitolewa, anaweza kulalamika kwa Baraza la Wauguzi la Kenya au kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Si lazima apitie kwa meneja wa shamba.