Tusiuze Mbuzi Mama



Kila mwaka, mwanzoni mwa Septemba, kuko jambo moja tunaloliona katika njia ya soko, lakini hatulisemi. Baba anapita na kamba mukononi. Nyuma ya kamba kuko mbuzi, na nyuma ya mbuzi kuko mutoto mwenye mufuko wa daftari. Jioni minervale imelipwa, mutoto ameingia masomo, na mbuzi hakurudi. Juzi sisi wa kalasi ya sita tuliulizana: nani kati yetu analipiwa na mbuzi? Zaidi ya nusu waliinua mukono. Tukaulizana tena: mbuzi aliyeuzwa mwaka huu alikuwa dume ao mama? Hapo makelele yaliisha. Wengi walijibu: mama. Wawili walisema: mama mwenye mimba.

Ndiyo sababu tumechagua kuandika juu ya ufugo wa mbuzi na kondoo. Watu wanaotaka nyama wanazidi, lakini mazizi yetu yanapungua. Tunataka kueleza ginsi mutu mwenye shamba ndogo anaweza kuuza kila mwaka bila kumaliza kundi lake.

Tuanze na soko. Sensa ya mwaka 1984, wakati nchi yetu iliitwa Zaire, ilihesabu watu karibu milioni 30. Leo watu wa Kongo wanakadiriwa kupita milioni 100. Hapa Kivu, vita tangu mwaka 1996 vimesukuma watu wengi kutoka vijijini kwenda mijini. Mutu wa muji hafugi, ananunua. Basi wanunuzi wameongezeka, na wafugaji wamepungua, kwa maana vita hivyo vilichukua pia ngombe na mbuzi wa wazazi wetu.

Juu ya nini mbuzi na kondoo, si ngombe? Ngombe anataka malisho makubwa, na milima yetu imejaa mashamba. Tena ngombe anabeba mimba miezi tisa. Mbuzi na kondoo wanabeba miezi mitano tu. Mbuzi wetu wa kienyeji ni mudogo, kilo 20 mpaka 30, lakini anavumilia, na mara nyingi anazaa mapacha kuanzia uzazi wa pili. Akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili.

Sasa tufanye hesabu kama mbele ya ubao. Mama Fulani iko na mbuzi jike wawili. Tusihesabu mapacha, tuseme kila uzazi unaleta mutoto mumoja tu anayepona. Katika miaka miwili watazaliwa sita. Tuseme madume ni watatu na majike ni watatu. Akiuza madume watatu, anabaki na majike watano: wale wawili wa kwanza na binti zao watatu. Ameuza, na tena ameongeza. Lakini akiuza mama mumoja Septemba ya kwanza, na mama wa pili Septemba ya pili, atabaki labda na mutoto mumoja ao wawili, na mwaka wa tatu hana kitu cha kufunga kwa kamba. Na yule aliyeuza mama mwenye mimba aliuza mbuzi wawili kwa bei ya mumoja, maana muchinjaji halipi mutoto aliye tumboni.

Kanuni ya kwanza ndiyo hii: dume ni wa soko, mama ni wa zizi. Mama anauzwa akizeeka, akikosa kuzaa, ao kama hana maziwa ya kulea watoto wake.

Kanuni ya pili ni kuchagua dume wa kuzalisha. Hapa wengi tunakosea. Dume anayekua mbio tunamuuza wa kwanza sababu iko na bei, na yule mudogo mwenye kukonda anabaki zizini. Huyo ndiye anakuwa baba wa kundi lote! Kiisha tunashangaa kwamba mbuzi wanazidi kuwa wadogo. Tena dume akikaa miaka mingi anapanda binti zake mwenyewe, na watoto wanazaliwa wazaifu. Dume mumoja anatosha kwa majike 20 ao 30, basi majirani wanaweza kutumia dume mumoja muzuri pamoja, na kumubadilisha na dume wa kijiji kingine kila miaka miwili hivi. Madume wengine wahasiwe mapema na kunoneshwa kwa soko.

Kanuni ya tatu ni chakula. Mbuzi akifungwa kwa kamba mahali pamoja tangu asubuhi mpaka jioni anamaliza majani na kukanyaga mavi yake. Akiachiliwa, anakula maharagi ya jirani na kesi inaanza. Afazali kumuletea chakula. Mbuzi wa kilo 25 anataka karibu kilo mbili na nusu za majani mabichi kila siku, hata zaidi, pamoja na maji safi na chumvi kidogo. Tripsakumu na setaria zinapandwa kwa mustari ngambo ya mulima, si kutoka juu kwenda chini. Zinalisha mbuzi na zinashika udongo wakati wa mvua. Kaliandra na lesena ni miti yenye majani ya nguvu, inayoweza kupandwa mupakani mwa shamba. Majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi vinafaa pia. Lakini tuangalie: majani na maganda mabichi ya muhogo muchungu yana sumu. Yakatwe na kuanikwa kwanza mpaka yakauke.

Tusisahau kwamba mbuzi na kondoo hawali sawasawa. Mbuzi anapenda majani ya miti na vichaka. Kondoo anapenda nyasi fupi karibu na udongo. Ndiyo maana kondoo anapata minyoo kwa urahisi, sababu watoto wa minyoo wanapanda juu ya nyasi zenye umande. Tusitoe kundi mapema sana. Tungoje umande ukauke.

Kanuni ya nne ni nyumba. Mbuzi asilale juu ya matope. Nyumba ijengwe juu ya nguzo, na chini yake fito zenye nafasi ndogo, ili mavi na mukojo vianguke chini. Watoto hawatashikwa na kikohozi mbio, na mavi yatakusanywa kwa shamba. Kwa mukulima ambaye hana feza ya mbolea ya duka, mavi hayo ni mavuno ya pili.

Kanuni ya tano ni magonjwa. Kuko moja kubwa kupita yote, tauni ya mbuzi na kondoo, ambayo waganga wa mifugo wanaita PPR. Ilitambuliwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942. Mwaka 2012 iliua wanyama wengi katika nchi yetu. Muzima anaanza na homa, machozi na kamasi, vidonda mudomoni, kisha kuhara, na kwa siku chache kundi linakwisha. Haishiki mutu, na hakuna dawa ya kuiponyesha. Lakini chanjo iko, na sindano moja inalinda kwa miaka mitatu ao zaidi. Mwaka 2015, kule Abidjan, mashirika ya dunia ya chakula na ya afya ya wanyama yalitangaza mupango wa kuimaliza kabla ya mwisho wa mwaka 2030. Watu wa chanjo wakipita, tusifiche mbuzi wetu kwa kuogopa kodi. Na mbuzi wa bei rahisi anayetoka sokoni na kamasi puani, tusimununue. Hata yule muzima akae peke yake majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

Wengine watatuambia: «Ninyi watoto munaandika tu. Tukifuga wengi, wezi na watu wa bunduki watachukua.» Hatuwezi kusema wanadanganya. Wako kati yetu waliolala wakiwa na mbuzi ndani ya nyumba, na tunajua ni kwa sababu gani jamaa nyingi zimegeukia dende, ambaye anafichwa kwa urahisi. Kwa hiyo hatusemi mutu afuge makumi. Tunasema majike watatu ao wane, waliotunzwa vizuri, na majirani wanaokubaliana kulinda pamoja. Tena kuko desturi nzuri ya kukopeshana: mwenye mbuzi anapa jirani mutoto wa kike, na jirani akizalisha anarudisha mutoto wa kwanza wa kike, ao anamupa mwingine ambaye hana. Hivi mwizi akipiga nyumba moja, mbegu haijapotea.

Mwisho tunageukia masomo yetu wenyewe. Ninyi wadogo zetu, ongeeni na wazazi leo, si Agosti. Dume anayezaliwa sasa ndiye minervale ya mwaka kesho, akitunzwa. Auzwe wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, nyama inapotafutwa, na feza iwekwe. Si Septemba, wakati kila baba iko sokoni na muchinjaji ndiye anasema bei. Na kwa wakubwa wetu wa masomo tunaomba kwa heshima: muzazi anayeleta nusu ya minervale na kusema anangoja dume akomae, mumupe muda. Mukimufukuza mutoto wake leo, kesho atamuleta mama kwa kamba, na mwaka unaofuata hatakuwa na cha kuleta.

Sisi wa kalasi ya sita tutaondoka mwaka huu. Mbuzi waliotulipia wengi wao hawako tena. Tunataka wale watakaowalipia ninyi wabaki na mama yao.