"Tuwape muda" dhidi ya "hawa ni wale wale": uzi kuhusu matumaini na mashaka baada ya serikali kubadilika

Uzi. Ni mrefu, wekeni chai kwanza.

Mjadala wowote wa siasa ukianza, iwe ni kwa TV, kwa matatu ama hapa, kuna sentensi mbili lazima zitoke. Mmoja atasema "tuwape muda". Mwingine atajibu "hawa ni wale wale". Halafu watu watarushiana hizo mbili mpaka usiku wa manane na hakuna atakayelala akijua kitu kipya. Mimi nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na zote mbili zimenichosha. Leo nataka tuangalie ni nini hasa hutokea miezi ya kwanza baada ya serikali kubadilika, na kwa nini wananchi hao hao huwa na furaha Septemba na hasira Desemba.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Mkiwataja kwa majibu, hiyo ni juu yenu.

Nianzie nyumbani. 13 Septemba 2022, rais mpya akiapishwa Kasarani, mamangu alikuwa jikoni anakata sukuma. Mimi nilikuwa na miaka 17, nimekosa kura kwa miezi 2 tu, nimeketi mbele ya TV kama mtu anayetazama fainali. Mizinga ikapigwa. Nikaita, "Mum, njoo uone." Akajibu bila kugeuka, "Mimi nilishaona moja. Inanitosha."

Hiyo aliyoiona ni ya 30 Desemba 2002, Uhuru Park. Alikuwa na miaka 19 na alikuwa amepiga kura mara ya kwanza maishani, siku tatu tu kabla ya hapo. Yeye na marafiki zake walienda kwa miguu kutoka Kawangware asubuhi na mapema. Anasema watu walijaa mpaka juu ya miti, jua kali, wamesongamana masaa na masaa, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Kumbukeni ilikuwa mara ya kwanza chama kilichotawala tangu uhuru kuondolewa kwa kura. Karibu miaka 40. Watu wazima walikuwa wanalia.

Na matumaini yale hayakuwa ya bure. Hapa ndipo wenzangu wa "wale wale" hukosea. Januari 2003, serikali mpya haijamaliza hata mwezi, shule za msingi za umma zikawa bila karo. Watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni mwaka huo. Mmoja wao ni mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa ameacha darasa la nne kwa sababu ya karo na anauza njugu stejini. Alirudi darasa la nne akiwa na miaka 13, akaketi na watoto waliomfika kiunoni. Darasa lao anasema lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90, wengine wanasomea sakafuni, mwalimu mmoja. Lakini alisoma. Leo ni fundi wa stima mwenye cheti, na risiti anaandika mwenyewe. Mtu akiniambia serikali kubadilika hakujawahi kubadilisha kitu Kenya, mimi humfikiria mjomba.

Mama pia husimulia vile abiria walikuwa wanamkemea polisi akinyoosha mkono kwa makanga. Watu waliamini nchi imekuwa yao kweli. Mimi nikisikia hiyo story huwa naona kama ananidanganya, lakini wengi wa rika lake wanasimulia vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa upande wa pili.

Kampeni ya 2002 iliahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Siku 100! Katiba hiyo ilizinduliwa lini? 27 Agosti 2010. Hesabu mwenyewe tangu ile siku ya Uhuru Park: ni karibu siku 2,800. Katikati hapo kulikuwa na kongamano la Bomas, rasimu iliyogeuzwa, na kura ya maamuzi ya 21 Novemba 2005 ambapo asilimia 58 walisema la. Waliokumbatiana 2002 walikuwa sasa wanarushiana maneno mchana kweupe, wengine upande wa ndizi, wengine upande wa chungwa.

Na hii ndiyo sehemu ambayo nilipoisoma mara ya kwanza ilinisumbua sana. Uchumi 2002 ulikuwa umekua kwa chini ya asilimia 1. Kufikia 2007 ulikuwa unakua kwa karibu asilimia 7. Yaani kwa karatasi, mambo yalikuwa yananoga. Na ni huo huo mwaka wa 2007 uliofungwa na uchaguzi uliozua machafuko, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kama matumaini yangekuwa suala la pato la taifa peke yake, hilo halingetokea.

Kwa hivyo ni nini kilivunjika? Kwa maoni yangu ni imani kwamba meza ni ya wote. Muungano ulioshinda 2002 ulikuwa na mkataba wa maelewano kuhusu nani atapata nini, na upande mmoja ukasema mkataba umetupwa. Halafu 2004 zikaanza kutoka habari za zabuni hewa za usalama, zile za Anglo Leasing, chini ya serikali iliyoingia ikiapa kumaliza ufisadi. Mwananchi wa kawaida hasomi jedwali la ukuaji wa uchumi. Anaangalia nani ameketi mezani, nani amefukuzwa, na kama mwizi ameshikwa. Akiona wizi umebadilisha tu mikono, hata barabara ukimjengea atasema "hiyo ni yenu".

Hapa kuna kitu tunafundishwa darasani na kinafaa kujulikana zaidi. Katika nchi nyingi, watu waliopigia kura upande ulioshinda huanza kusema maisha yatakuwa mazuri, na walioshindwa huanza kusema nchi inaharibika, wiki ile ile, kabla serikali haijafanya chochote! Bei ya unga ni moja, duka ni moja, lakini majirani wawili wanaona uchumi tofauti. Kwa hivyo ukiona mtu anasifu ama anaponda serikali yenye wiki mbili, mara nyingi anakuambia tu alipiga kura wapi. Kenya hii kitu ina chumvi zaidi kwa sababu tunasema "serikali yetu" na "serikali yao" tukimaanisha watu wa nyumbani. Kuna wakati tunasherehekea bila hata kuuliza tumeshinda nini.

Haya, turudi 2022, maana wiki moja ya Septemba inaeleza mambo mengi.

Siku ya kuapishwa, rais mpya aliidhinisha majaji 6 ambao serikali iliyotoka ilikuwa imekataa kuwaapisha kwa muda mrefu licha ya amri za korti. Siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba gunia la mbolea la kilo 50 litashuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Kesho yake, tarehe 14, bei mpya za mafuta zikatoka: ruzuku ya petroli imeondolewa, na lita Nairobi imepanda kutoka 159.12 hadi 179.30.

Siku mbili tu. Ya majaji ilihitaji kalamu na nia, basi. Ahadi za aina hiyo serikali ikichelewesha miezi sita, usikubali kuambiwa "tupeni muda", kwa sababu sahihi haihitaji muda. Ya mbolea ilihitaji pesa, na pesa ya kupunguza bei ya kitu lazima itoke kwa kitu kingine. Ya petroli ilikuwa ni deni la jana linalolipwa leo, kwa maana ile bei ya chini ya kabla ya uchaguzi haikuwa bei. Mtu alikuwa anailipa, na huyo mtu ni wewe kupitia Hazina. Mnakumbuka pia unga wa shilingi 100 wa Julai 2022? Pakiti ya kilo 2, mwezi mmoja hivi, ukaisha karibu na kura. Serikali inayotoka hufurahisha, inayoingia huchukiza. Si Kenya tu, na wala si kwa sababu mmoja ana roho nzuri kuliko mwingine.

Kitu kingine ambacho huwa hakisemwi kwa mijadala: serikali mpya ya Kenya huingia ikiwa imevaa viatu vya mwenzake. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kwa hivyo bajeti ya mwaka wa kwanza huwa imepitishwa na bunge la zamani. Serikali inaweza kuleta bajeti ya nyongeza, sawa, lakini bajeti yake kamili ya kwanza ni ya Julai inayofuata. Halafu mawaziri: rais anateua, Bunge la Taifa linawahoji na kuidhinisha. 2022 waliapishwa 27 Oktoba, wiki sita baada ya rais. Hizo wiki zote wizara zinaendeshwa na watu wa jana.

Na madeni ndiyo hayaheshimu uchaguzi kabisa. Mwaka 2014 nchi ilikopa kwenye soko la kimataifa, na dola bilioni 2 za mkopo huo wa Eurobond zilitakiwa zilipwe Juni 2024. Waliokopa walikuwa wameshaondoka. Ilibidi waliopo wakope tena mapema 2024, kwa riba ya juu kuliko ile ya zamani, ili kulipa sehemu kubwa yake. Wewe hapo ulikuwa unauliza mbona shilingi inayumba na ushuru unaongezeka. Sehemu ya jibu ilikuwa imesainiwa ukiwa shule ya msingi.

Lakini jamani msichukue hiyo kama msamaha wa jumla! Kila serikali inayoingia husema "tumepata hazina tupu". Kila moja. Swali langu huwa ni hili: mlikuwa hamjui? Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti ni za umma, na mwaka 2022 kila mtu alijua deni limepita trilioni 8. Mtu aliyeahidi kitu akiwa na hizo namba mkononi hawezi kushangaa baadaye. Ama hakusoma, ama alisoma na akaahidi tu. Kipengele cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kuuliza habari zilizo mikononi mwa serikali, hata usipokuwa mwandishi wa habari. Wachache sana huitumia.

Na tafadhali tuangalie tunalaumu nani. Zahanati ya mtaa haina dawa, watu wanamtusi rais. Shule ya chekechea haina paa, rais. Afya ya msingi na chekechea ni kazi ya kaunti, na magavana wapya pia waliingia 2022, wengine wakakuta mabilioni ya bili za wanakandarasi ambazo hazijalipwa. Hilo ni uzi wake, nitauandika, nikianza leo hatutalala.

Sasa mamangu. Tangu Desemba 2007 hajapiga kura. Januari 2008 ploti waliyokuwa wanaishi, jirani aliyeenda naye Uhuru Park 2002 alihama usiku na watoto wake, na hakuaga. Mpaka leo hawajaongea. Sajili ya wapiga kura ilianzishwa upya 2012 na yeye hakwenda kujiandikisha. Nimewahi kumwambia, kwa ujuaji wangu wa mwaka wa kwanza, kwamba watu kama yeye ndio wanafanya wabaya washinde. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nimekula. Nilijiona mjinga sana.

Nilichoelewa baadaye ni kwamba mashaka yake yana hesabu ndani. Hasemi hakuna kinachobadilika, maana karo ya ndugu yake ilifutwa na yeye anaijua vizuri kuliko mimi. Anachosema ni kwamba aliwahi kutoa imani yote kwa mkupuo mmoja, na ikamgharimu jirani. Nikimsikia mtu kwa TV akisema wananchi "wamekata tamaa kwa sababu hawaelewi siasa", huwa natamani aje aketi jikoni kwetu.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Itakuwa kura yangu ya kwanza. Wiki jana nilimwambia nitaenda kujiandikisha Jumamosi asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akasema, "Ukitoka, nipitie hapo kibandani." Sijui kama anataka kujiandikisha ama anataka tu nimbebee mzigo, na sikumuuliza. Nitampitia.